Jibu Alilolitaka Baba

Baba alikuwa mtu wa pwani. Alifika Uluguru akifuata kazi ya reli ya Wajerumani, akabaki kwa ajili ya mama. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo mama alipofariki, mimi, kijana niliyekwisha kuota ndevu, nilikuwa na haki katika shamba lile la mtelemkoni. Baba aliyelilima miaka yote hakuwa nayo. Naye hakutaka kuondoka, maana mama alizikwa pale pale, kando ya migomba. Mwenye kauli alikuwa mjomba.

Matanga yalipoisha baba alimwuliza kama aendelee kulima. Mjomba akatazama mlima.

"Shemeji, mvua bado."

Mvua zilipoanza akauliza tena.

"Jembe si unalo, shemeji?"

Kwa watu wa kule hayo yalitosha. Mtu angelima, angepeleka kikapu cha mahindi ya kwanza kwa mjomba, kingepokelewa kimya, na mwaka ungepita. Wagane wengi walizeeka hivyo, na hakuna aliyewagusa. Lakini baba alizoea reli, ambako msimamizi akisema beba, unabeba. Siku ukoo ulipokusanyika kuanza kupanda, alisimama mbele ya wazee.

"Shemeji, nilime au nisilime? Sema moja."

"Kaa kitako, shemeji," mke wa mjomba alimtania. "Nyie wa pwani hata mvua mngetaka iwaambie itanyesha saa ngapi!"

Watu wakacheka. Baba hakukaa.

Mjomba aliwatazama wazee, nao wakamtazama. Kusema ndiyo mbele yao kungekuwa kumpa mgeni ardhi ya ukoo, na hakuwa na mamlaka hayo. Nadhani alimhurumia baba hata hivyo.

"Usilime," akasema.

Baba alishuka hadi kijiji cha Mkuyuni na jembe lake na mkeka. Asubuhi aliyoondoka, mjomba alinikuta nikifunga mzigo wangu.

"Na wewe, mpwa wangu, utarudi kulima?"

"Njia inateleza, mjomba. Ngoja kwanza nimsindikize mzee."

Tangu hapo nimekaa Kilosa, Tabora, pwani, na kote nimehama. Wasafiri wanaotoka mlimani huniletea salamu za mjomba. Wanasema shamba limeota nyasi, halijapewa mtu, ila kandokando ya migomba panafyekwa. Hajaniuliza tena, nami sijamjibu.