Karani Asiyetumia Penseli

Karani wa shule ana vidole vyenye madoa ya wino na sauti ya kukwaruza kama bawaba kavu. Agizo la wakubwa, kwamba mtoto mkimbizi asiye na cheti cha kuzaliwa aandikwe kwa penseli ili afutike upesi, kwake huingilia sikio hili na kutokea lile. Penseli anazoletewa huwagawia watoto wachoree. Leo mkaguzi amefunua rejista, akakuta wino mtupu.

"Mama, penseli ziko wapi?"

"Waulize darasa la kwanza." Karani akamgeukia msichana mgeni aliyeng'ang'ania mkono wa shangazi yake. "Jina lako nani, mwanangu? Sema kwa nguvu, mkaguzi naye asikie."

Msichana akalisema. Karani akaliandika, akiikandamiza kalamu hadi jina likatokeza ukurasa wa pili.