Kura ya Mguu wa Elizabeti

Niliondoka nyumbani kwangu Mwankoko kwa sababu ya simu moja. Aliyepiga ni Daudi, mtoto wa dada yangu mdogo Elizabeti, aliyeolewa Kilimatinde na ambaye sasa ni mjane. Siku tatu kabla ya simu hiyo Elizabeti alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliosheheni magunia ya alizeti, na gurudumu likampita juu ya mguu wa kulia. Mfupa wa muundi ulivunjika. Hospitali ilikuwa imeufunga mguu kwa muda tu, ikisubiri uamuzi wa matibabu kamili.

"Shikamoo mjomba. Njoo haraka," alisema Daudi. "Huku wanafanya utafiti wa mifupa, na wagonjwa wanapigiwa kura. Bahasha ikitoka hivi, unafungwa hogo, ile plasta ngumu. Ikitoka vile, unapasuliwa, unachomekwa chuma ndani ya mfupa. Baba mkubwa anasema kesho kutwa saa sita tunamtoa mama tumpeleke kwa mganga wa mifupa. Gari limeshaagizwa."

"Umeiona hiyo kura?"

"Sijaiona. Nimesikia wodini."

"Basi hujui kitu. Daktari hapigi kura, Daudi. Hupiga kura mtu asiyejua la kufanya. Mama yako asiguswe mpaka nifike."

Nilifundisha fizikia kwa miaka thelathini na miwili, na sikupenda kuandika ubaoni jambo nililolipata kwa kusikia. Nilimwambia mke wangu, mbele ya majirani wawili waliokuwa wamekuja kutupa pole, kwamba nakwenda kuukomesha uvumi huo, kisha nitarudi. Sikuwa na shaka hata chembe.

Saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata nilikuwa ndani ya basi la kwenda Dodoma. Tuliyaacha majabali ya Singida nyuma yetu, tukapita Ikungi, ambako wauzaji waliinua kuku hai hadi madirishani. Karibu nami alikaa bwana mmoja mwenye mazungumzo mengi. Alipojua ninakokwenda, alishusha sauti.

"Mzee wangu, muwahi ndugu yako. Hospitali ile ina ndoo za mifupa. Ndoo nzima! Wanawatoa watu mifupa wakaifanyie majaribio."

"Uliziona ndoo hizo?"

"Shemeji yangu aliziona."

"Shemeji yako ni mfanyakazi wa pale?"

"Hapana. Yeye aliambiwa na mama anayeuza uji getini."

"Kwa hiyo shemeji yako hakuziona."

"Mzee, wewe ulikuwa hakimu?"

"Mwalimu."

"Afadhali sikusoma shule yako," alisema, na abiria wa nyuma wakacheka. Hadi Manyoni hakunisemesha tena.

Saa nne na nusu tulifika Manyoni. Daudi alinipokea ng'ambo ya reli na pikipiki yake, akanifunga begi nyuma, tukaelekea Kilimatinde. Barabara ya vumbi ilitupitisha kwenye vichaka vikavu hadi ukingoni mwa kilima, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde lote la Ufa linafunguka chini, jeupe kwa jua, mpaka macho yanaposhindwa. Nilimwambia Daudi asimame kidogo. Mandhari ile hainichoshi, na mgongo nao ulihitaji kunyooshwa.

Kilimatinde nilimkuta Mzee Chibago, kaka mkubwa wa marehemu shemeji yangu, ameketi na wazee wa ukoo uani kwa Elizabeti. Tuliamkiana kwa Kigogo, "mbukwa", kisha akahamia Kiswahili kwa heshima yangu.

"Shemeji, karibu. Tumekusubiri, lakini shauri tumekwisha kulimaliza. Mimi mkono huu ulivunjika nikiwa kijana. Mganga wa mifupa aliukanda, akaufunga kwa vijiti, nikapona. Mpaka leo nachimba kisima."

Niliomba aukunjue. Nilichukua uzi, nikapima mkono uliovunjika kutoka kiwiko hadi kifundo, kisha nikapima mwenzake. Ilinilazimu kusema kweli: ilikuwa sawa, na mfupa ulikuwa umenyooka.

"Unaona!" alisema Mzee Chibago.

"Naona mkono mmoja uliopona. Waliofungwa vijiti na mganga huyohuyo wakabaki na vilema, nao wako wapi tuwapime?"

Wazee walitazamana. Mmoja akasema, "Yupo Masinga."

"Mwacheni Masinga," alisema Mzee Chibago upesi. "Masinga hakufuata masharti."

Tulikubaliana jambo moja: kesho asubuhi nitakwenda hospitali, nitaangalia kwa macho yangu, na nitakalolikuta nitalisema waziwazi. Ikiwa kura ipo, sitalizuia gari. Nililikubali sharti hilo pasipo kufikiri, kama mtu anayeahidi jua litachomoza mashariki.

Asubuhi ya siku ya tatu tulifika hospitalini. Sitaitaja jina, kwa kuwa niliingia kama ndugu wa mgonjwa wala si kama mkaguzi. Aliyetupokea ni Dakta Rehema, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, msimamizi wa utafiti. Alinipa shikamoo, akanipa na kiti. Mzee Chibago na Daudi walikaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi.

Nilianza na ndoo. Dakta Rehema hakukasirika. Alinipeleka chumba cha nyuma, akafunua ndoo ya plastiki yenye mifupa minene iliyosafishwa, mingine ikiwa na matundu ya keekee.

"Ni miundi ya ng'ombe, mzee. Tunaipata buchani. Daktari mgeni hatoboi mfupa wa binadamu kabla hajatoboa hii."

Niliushika mmoja. Nimekula makongoro ya kutosha maishani kuutambua. Ulikuwa mnene mara mbili ya muundi wowote wa mtu, na mwishoni ulikuwa na vichwa viwili vya kubebea kwato. Nilitoka nje, nikamwonyesha Mzee Chibago, naye akakubali kwamba huyo alikuwa ng'ombe, tena dume. Nilijisikia vizuri sana. Uvumi mmoja ulikuwa umekwisha. Nilirudi ndani kuumaliza wa pili.

"Na sasa, dakta, waambie hawa waliopo nje kwamba hampigi kura."

"Tunapiga, mzee."

Nilimwomba arudie.

"Tunapiga kura. Bahasha zimefungwa kwa lakiri tangu kabla ya wagonjwa kuja, na aliyezifunga hawajui wagonjwa. Mgonjwa akikubali kuingia, ndipo bahasha yake inafunguliwa. Ndani imeandikwa plasta au chuma."

Kwenye benchi Mzee Chibago alikohoa, kikohozi cha mtu aliyeshinda kesi.

Sikuficha hasira. Nilimuuliza amesomea nini miaka yote hiyo, kama mwisho wake ni kuchagua tiba kwa bahati nasibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, matibabu yote mawili tunayatumia hapa kila siku. Kwa mfupa uliovunjika kama wa mama Daudi, wapo madaktari wanaosifu plasta na wapo wanaosifu chuma. Kila mmoja anao wagonjwa wake waliopona. Lakini ipi inamrudisha mtu shambani mapema, na kwa madhara machache, hatujui. Ndiyo maana kamati ya maadili ilituruhusu kuuliza."

"Chagueni wenyewe, basi, mhesabu waliopona."

"Nikichagua mwenyewe, mwenye nguvu na mfupa mzuri nitampa chuma, maana naamini atastahimili upasuaji. Mdhaifu nitampa plasta. Mwishoni chuma kitaonekana bora. Kitakuwa kimeshinda kwa sababu ya tiba, au kwa sababu ya watu niliokipa?"

Hapo hasira iliniisha, na ninaandika sababu yake hapa kwa kuwa msomaji anastahili kuijua. Shuleni kwangu tulikuwa na bustani ya majaribio. Kila mwaka niliwaonyesha wanafunzi kwamba tuta lenye samadi linazidi tuta lisilo nayo. Tuta la samadi nililiweka kila mwaka karibu na tangi la maji, kwa kuwa ndilo nililotaka lipendeze. Samadi ni kitu chema, sina shaka nayo. Lakini kwa miaka thelathini na miwili sikuwaonyesha wanafunzi wangu samadi. Niliwaonyesha tangi la maji, na ubaoni nikaandika "samadi".

"Endelea, dakta," nilisema.

Alinieleza kwamba anayekataa kuingia hatibiwi vibaya zaidi. Daktari wa zamu humchagulia tiba kama kawaida. Anayeingia anaweza kutoka siku yoyote. Atapigwa eksirei kwa tarehe zilizopangwa, na mtu atakayeisoma hatajua jina lake. Niliuliza maswali mengi, mengine ya kijeuri, na yote yakajibiwa.

Saa tano nilitoka, nikasema kweli kama nilivyoahidi.

"Kura ipo. Nilikosea. Daudi alisikia sawasawa."

Mzee Chibago alisimama. "Basi tumchukue shemeji. Gari linakuja."

"Sharti ni sharti, sitalizuia. Lakini kabla halijafika niruhusu nikamwambie Elizabeti kwamba ni heri aingie kwenye utafiti huu. Nimeridhika nao."

"Umeridhika na kura?" Mzee Chibago alipiga makofi. "Jana ulipima mkono wangu kwa uzi, leo unataka mguu wa mtu uchaguliwe na bahasha! Nyie Wanyaturu!"

Tuliingia wodini watatu pamoja na Dakta Rehema, tukiendelea kubishana juu ya kitanda. Mimi nilieleza habari ya kuchagua kwa haki, Mzee Chibago akaeleza habari ya vijiti. Elizabeti alikuwa amelala chali, mguu juu ya mto, anatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kaka," alisema mwishowe. "Umemuuliza daktari?"

"Nimemuuliza."

"Na nasikia umekwenda kuuliza mpaka ndoo."

"Ndiyo."

"Umeuliza ndoo ya ng'ombe, kaka, na mimi hujaniuliza. Nawe baba mkubwa umeagiza gari kama vile nimekwisha kufa. Huu mguu ni wa nani?"

Elizabeti ni mdogo wangu, lakini hata utotoni alikuwa na namna ya kuuliza swali likakaa chumbani kama mgeni. Akamgeukia daktari.

"Mwanangu, nikipata plasta, nitashika jembe lini?"

"Wengine mapema, wengine kwa kuchelewa. Goti huweza kuwa gumu kwa kufungwa muda mrefu."

"Na chuma?"

"Wengi husimama mapema. Lakini ni upasuaji. Kidonda kinaweza kuingia usaha, na huo ukifika kwenye mfupa ni shida kubwa."

"Ningekuwa mama yako mzazi, ungenipa kipi?"

Dakta Rehema aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ningemwambia mama: sijui."

Mzee Chibago aliguna kwa dharau. Elizabeti akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi."

"Mama!" Daudi alisema kutoka mlangoni. "Si umesikia? Amesema hajui!"

"Nimesikia. Tangu nianguke kila mtu anajua. Wewe unajua, baba yako mkubwa anajua, mjomba wako alijua tangu Mwankoko. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui, naye ndiye aliyesoma mifupa. Mwenye kusema hivyo ataangalia mguu wangu kwa makini."

Alisomewa fomu ya ridhaa yote. Mara mbili alimsimamisha daktari ili aelezwe upya. Kisha akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, nami nikatia sahihi mahali pa shahidi. Hapakuwa na mahali pengine pangu kwenye karatasi ile, na ilikuwa sawa.

Bahasha ilifunguliwa mbele yetu. Ilisema plasta. Ninakiri kwamba moyoni nilikuwa nataka chuma, na kwamba nilipousoma uso wa Dakta Rehema sikuona anachokitaka yeye. Gari lilipofika saa sita, Mzee Chibago alipanda peke yake. Hakuniaga vizuri, wala simlaumu.

Siku ya nne nilirejea Mwankoko. Mke wangu aliniuliza kura ipo au haipo, nami nikaenda mwenyewe kwa majirani wale wawili, mlango kwa mlango, kuwaambia kwamba ipo na kwamba niliposema haipo nilikuwa sijaiona wala sijaitafuta. Nilikuwa nimekataa uvumi kwa uvumi wangu mwenyewe. Hilo ndilo nililojifunza, na kwa umri wangu lilichelewa.

Msomaji atapenda kujua kama mguu umepona. Ninapoandika haya plasta ingali mguuni, na sitaandika nisichokiona. Juzi nilimpigia Elizabeti, nikasikia Mzee Chibago anacheka nyuma yake; amekwisha kuanza kumtembelea. Alikuwa akimtania: eti shemeji, sasa tuambie, kipi bora, hogo au chuma?

"Usinisumbue, baba mkubwa," Elizabeti alimjibu, simu ikiwa bado sikioni mwake. "Hilo ndilo tunalolitafiti."