Kitanda cha Pili

Mwone akiingia gerejini, mtaa wa Ghala, mzee wa kanzu nyeupe, chetezo mkononi. Kila Alhamisi huja kuifukiza karavani yake, nyumba ya kukokotwa na gari, kwa udi anaouchanganya mkewe, maana amepanga wakakae Sur, mji wa kale wa pwani, msimu wote wa baridi. Kisha hukipapasa kitanda cha pili taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Mzee, moshi wote huu! Bibi keshakubali kwenda?" akatania Msafiri, fundi wake.

"Bado. Asema halali sandukuni. Nnataka akichungulia tu, mwanangu, pamnukie kama chumbani kwake."

Msafiri akaificha bisibisi mgongoni. Asubuhi bibi mwenyewe alimpigia simu: aking'oe kitanda hicho, mumewe aache kumngojea, aende zake. Safari ni kesho. Ungekuwa wewe fundi, ungekifungua?