Kanga ya Kiunoni

Miaka ile hospitali niliyofanyia kazi Songea ilikuwa na redio ya upepo. Kila Jumatano mchana mwalimu wa mazoezi ya viungo alitufundisha kupitia redio hiyo, kutoka Dar es Salaam, namna ya kuwainua wagonjwa waliokuwa mahututi. Hospitali za wilayani nazo zilisikiliza, kwa hiyo ukiuliza swali, Tunduru wanakusikia, Mbinga wanakusikia. Aliyemaliza kuzungumza alitamka "ova", ndipo mwingine akaruhusiwa kusema. Mimi, muuguzi msaidizi niliyejisomea mengi kwa vitabu vya kuazima, sikuwahi kuuliza. Niliogopa kukosea mbele ya watu nisiowaona.

Kisha tukampata mama mmoja wa Matogoro. Pepopunda ilimlaza mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Nyumbani aliacha mtoto mchanga.

"Nitambebaje, nesi?" aliniuliza kila asubuhi.

Mwalimu alisema mgonjwa wa namna hiyo asimamishwe huku ameshikwa kwa mkanda wa kiunoni. Hatukuwa nao. Nilikuwa nikifika kitandani kwake, nawaza nikimwangusha itakuwaje, najifanya nakunja shuka.

Jumatano iliyofuata nilibonyeza kitufe, jasho likinitoka.

"Mwalimu, hapa Songea hatuna mkanda. Tufanyeje? Ova."

Kabla mwalimu hajajibu, ikaingia sauti ya mwanamke mmoja redioni. "Songea, hapa Tunduru. Kwani huko kanga hamvai? Ova."

Chumba kizima kilicheka. Wodi ya jirani pia, maana ukuta ulikuwa mwembamba.

"Tunavaa, dada. Ova."

"Basi ikunje, mfunge kiunoni, wewe shika kwa nyuma. Atasimama, inshallah. Ova."

"Inafaa," mwalimu akasema. "Ila fundo likazwe vizuri. Ova."

Wodini, mama mzazi wa mgonjwa, aliyekuwa akimuuguza, alivua kanga yake ya juu, akaifunga mwenyewe. Fundo langu hakuliamini. Nikashika. Binti yake akainuka, magoti yakicheza, akasimama. Kisha akapaza sauti, "Ova! Ova!" Tukamkalisha huku wodi nzima ikicheka.

Tuliendelea hivyo kila siku mpaka akatembea. Siku ya kuruhusiwa wakamletea mwanawe, akamfunga mgongoni kwa kanga ileile.

Jumatano nilikuwa wa kwanza redioni. "Tunduru, yule mama ameondoka na mtoto mgongoni. Asante, dada yangu. Ova."

"Alhamdulillahi," alisema, akairudia tena.

Akasahau kusema ova. Tulisubiri wote, Dar, Mbinga na sisi, na hakuna aliyemharakisha.