Kitabu Kisichomponya Mtu

Zahara husuka nywele katika kibanda chake mjini Busia, upande wa Uganda. Mteja akikaa kwenye kiti chake hupewa kitabu. Mikono ya Zahara haina nafasi, kwa hiyo mteja ndiye anayesoma kwa sauti huku akisukwa, na anayemfuata huendelea pale alipoachia mwenzake. Riwaya zenyewe ni za majonzi matupu. Wateja hunung'unika, huuliza kama hakuna kitabu cha harusi. Hakuna.

Asubuhi hiyo msomaji alikuwa Sumayah, binti wa muuza vitenge, aliyekuwa anakwenda harusini Tororo. Kitabu kilimhusu mkulima aliyepooza na mkewe. Kichwa cha Sumayah kilikuwa kimesukwa nusu Zahara alipoacha kusuka.

"Huyo mwanamume amefikaje shambani?"

"Ametembea."

"Jana Lillian alipokuwa akisoma kwenye kiti hicho alimwacha kitandani, hata kugeuka hawezi. Amepona lini?"

Sumayah akainamisha macho. "Nimeruka, Mama Ibra. Nimeona anafanana na Baba Ibra, nikaogopa."

Zahara akaweka kitana chini. Baba Ibra ni mumewe, Swabur, dereva wa lori, aliyepooza upande mmoja tangu Ramadhani. Tangu hapo kila mtu humwambia atapona: imamu, majirani, hata anayemletea mkaa. Daktari alisema vingine. Zahara alitaka mtu mmoja tu amweleze watu huishije na mgonjwa asiyepona, na mpaka sasa hajampata.

"Mji mzima unaniponyea mume kwa mdomo," alisema. "Sasa na wewe unaniponyea hata wa kitabuni. Rudi nyuma, ama utakwenda harusini na nusu kichwa."

Sumayah akarudi nyuma, akasoma kwa kukwamakwama. Mkulima hakupona. Mkewe alimgombeza kila asubuhi, juu ya shuka, juu ya kikohozi, juu ya jogoo wa jirani, na mgonjwa naye akajibu. Siku aliyokufa walikuwa katikati ya ugomvi wa kunguni.

"Ona sasa, amekufa," Sumayah akasema. "Kuna raha gani hapo?"

"Kaza shingo."

Zahara alisuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jambo moja lilikuwa limemkera: tangu Swabur aanguke, hajagombana naye hata mara moja. Anamsemesha kama mgeni.

Alipomaliza, alifunga kibanda akaenda nyumbani. Swabur akasukuma bakuli la uji aliompikia, kama kawaida yake. Siku nyingine Zahara huliondoa na kumpa pole.

"Utakunywa," alisema safari hii. "Nimeungua mkono kwa uji huu, nawe unausukuma kama afisa wa forodha anayerudisha karatasi za lori."

Kwa mdomo wake uliopinda, Swabur akasema, "Uji una madonge."

"Umekuwa na madonge tangu tuoane."

"Na mimi nimenyamaza tangu tuoane."

Zahara akakaa kitandani kando yake, kijiko mkononi, hasira bado haijamtoka.

"Haya," alisema. "Sema na mengine."