Kipoyi Kilichobebwa na Wanawake

Mama wa Nyabiondo amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii sitaji majina ya watu, na kwa huyu ningenyamaza hata kama ningeruhusiwa, maana hakupenda majina yaitwe kwa sauti mbele ya watu. Alikuwa na sababu yake, nami nitaieleza. Habari imeletwa na binti wa dada yake, aliyeshuka juzi kwenye meli ya Goma na kapu la maharagwe mgongoni, kama linavyotufikia hapa Bukavu kila baada ya mavuno. Nilimpokea mlangoni kwa utani wangu wa kawaida, nikamwuliza kama mama yake mkubwa angali anatuona sisi wa mjini kuwa watu wa njaa. Hakucheka. "Papa Mwalimu," akasema, "maharagi njo hii. Ule mwenye kulima hayuko tena." Homa ilimchukua upesi. Wamekwisha kumzika nyuma ya nyumba yake, kando ya shamba, na matanga yanangoja ndugu wa mbali wafike. "Walisema mufike," aliongeza. "Alikuwa anawahesabia ndugu."

Mke wangu aliketi chini palepale akalia. Mimi, kabla machozi hayajaja, nilishikwa na woga. Kwenda Nyabiondo ni meli, kisha lori, kisha miguu milimani, na kurudi ni hivyo hivyo. Kwa safari kama hiyo lazima niombe ruhusa ghalani ninakofanya kazi ya ukarani. Na ghalani siku hizi watu wanapunguzwa. Anayeomba ruhusa anakumbukwa, na anayekumbukwa ndiye huitwa ofisini. Basi nilisimama pale na kapu mikononi, nimefiwa, na kichwani mwangu nilikuwa nikimtafutia bwana mkubwa maneno mazuri.

Nilimfahamu mama huyo miaka ya vita vya Wazungu, kule Walikale, katika kambi moja ya machimbo upande wa Omate. Nilikuwa kijana, nafundisha watoto wa wafanyakazi kusoma na sala za asubuhi, na nyumba yetu ilipakana na yake ukuta kwa ukuta. Mume wake alikuwa mchimbaji. Walikuwa wameshuka kutoka milima ya Masisi na wenzao wa kijiji kimoja, watu waliozoea baridi na udongo mweusi, wakajikuta katika msitu unaotoa jasho hata kwa mtu aliyelala. Mama yule alikuja na mbegu za maharagwe ndani ya nguo yake, akazipanda nyuma ya nyumba vilevile kama kwao. Maharagwe yakapanda juu kwa fahari, majani mapana, maua machache, na ndani ya maganda hamna kitu. Akina mama wa msituni waliokuja kambini kuuza ndizi na sombe, majani ya muhogo, walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Mama, utakula majani ao utakula maua?" mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kiume, alimwuliza. Yeye naye akacheka, akapanda tena, yakawa majani tena. Hakuwa mkaidi. Alitaka nyumba yake iwe na chakula kisichotoka mkononi mwa kambi, kwa sababu kila kitu kingine kilitoka huko.

Nieleze hilo kwa vijana wanaonisoma, maana huenda wanadhani ni mambo ya zamani. Kambini nyumba ilikuwa ya kazi. Posho ya unga na chumvi ilikuwa ya kazi, blanketi lilikuwa la kazi. Mwanamume akiondolewa kazini, jioni ileile jamaa yake walikuwa nje na vyungu vyao, na mgeni mwingine alikuwa anafagia ndani. Na siku zile za vita, mwanamume asiye na kazi hakuachwa apumzike. Alikamatwa akapelekwa msituni kutafuta utomvu wa mpira, na huko wengine hawakurudi. Kwa hiyo kila alfajiri, kipande cha reli kilipogongwa na kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kuanza kuita majina uwanjani, kambi nzima ilinyamaza. Kila mwanamke alikuwa jikoni kwake na mwiko mkononi, akingoja kusikia sauti moja tu ikiitika, "Niko!" Akiisikia, ndipo anakoroga uji.

Mume wa jirani yetu alianza kukohoa. Kazi yao ilikuwa kusimama ndani ya maji toka asubuhi, wakichota kokoto na kuzipeleka kwenye mfereji wa kuoshea, na kifua chake hakikuyaweza. Alikonda tukimwona. Bado aliamka, akajikokota hadi uwanjani, akaitika. Lakini "Niko" yake ilianza kuchelewa. Kapita anaita, kimya, kisha kikohozi, kisha "Niko", nyembamba. Mke wangu alikuwa akinishika mkono gizani kwa hofu, na ng'ambo ya ukuta hatukusikia hata pumzi. Nawaambia, nimewahi kukutana na chui njiani, wala sikuogopa kama nilivyoogopa kimya kile cha alfajiri.

Wenzake wa Nyabiondo hawakumwacha. Kule kwao, mtu akiugua, majirani huenda na majembe wakalima shamba lake kwa zamu, tena huimba, kwa sababu anayelima shamba la mgonjwa bila kuimba anaonekana amekuja kwa kinyongo. Machimboni kila mtu alipimiwa kipande chake kwa vijiti: umalize hiki ndipo uende nyumbani. Wakamketisha mgonjwa chini ya kivuli, wakamaliza vipande vyao mbio mbio, kisha wakaingia kwenye kipande chake wote pamoja, wakaimba. Waliimba kama walivyoimba milimani, mmoja akitangulia na wengine wakipokea, mpaka sauti ikafika kambini. Jirani yetu aliposikia wimbo wa kwao alitoka nje, akasimama katikati ya maharagwe yake yasiyozaa, akacheka na kulia kwa pamoja. Siku hiyo alitupikia.

Bwana wa machimbo naye aliusikia wimbo. Akateremka kutazama, akaona jua bado liko juu na watu wanaimba. Hakuuliza kwa nini mmoja amekaa kivulini. Pengine hakumwona hata kidogo. Alichoona ni kwamba watu wana nguvu zinazobaki. Asubuhi yake kapita alikuja akang'oa vijiti vyote na kuvisogeza mbele. Kipande cha kila mtu kikawa kirefu, na neno likatoka kwamba asiyekimaliza ajitafutie kambi nyingine.

Ilikuwa kazi ya wema, na ikawaangukia wote. Watu wa milimani walijua kusaidiana shambani, mahali ambapo hakuna anayesimama kando akipima. Hawakujua kwamba mahali pengine msaada ukionekana unahesabiwa kuwa nguvu ya ziada. Wimbo ukakoma. Wanaume walirudi na giza, wakalala bila kula. Mke wangu akarudi kutoka mtoni na mtungi, uso umemshuka. "Leo hakuna mutu alimusalimia mama jirani," akaniambia. "Alifika, wote wakanyamaza. Alichota maji, akatoka." Sikuwalaumu akina mama wale. Kila mmoja alikuwa na mume wa kuitika alfajiri, na kila mmoja sasa alimtazama jirani yetu akaona vyombo vyake mwenyewe viko nje.

Kesho yake mama huyo alikwenda mwenyewe uwanjani kabla reli haijagongwa. Niliona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa natoka kufungua shule. Aliwakuta wanaume wa kijiji chao wamejikunyata kwa baridi. "Baba zangu," akawaambia, "muache. Hii mutu iko wangu, nitamurudisha kwetu. Munisaidie tu kumubeba." Mmoja alitazama miguu yake. Mwingine, aliyekuwa ndugu wa mgonjwa kabisa, tumbo moja, alianza kutokwa na machozi. "Shemeji," akasema, "nikikosa kuitika siku moja, watoto yangu itaenda wapi?" Hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli, na ukweli wenyewe ndio uliotutisha sote. Reli ikagongwa, wakajipanga mstari.

Mama wa sauti ya kiume alikuwa amekwisha kufika na ndizi zake. Alimkuta jirani yetu ameketi juu ya mzigo, mume wake ameegemezwa ukutani. Akauliza habari, akaambiwa. Akasema maneno ambayo sijayasahau. "Na sisi? Sisi, nani anatuita asubui?" Akashusha ndizi zake chini, akawaita wenzake. Walikata miti, wakafunga kamba za msituni, wakatengeneza kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani ambacho siku zile tulikiona kikimbeba Mzungu wa serikali tu, tena kikibebwa na wanaume. Wakamweka mgonjwa juu, wakainua. Shuleni watoto walikimbilia dirishani wakapiga kelele kwa mshangao: kipoyi kinapita, juu yake mchimbaji, chini yake mama zao wa ndizi! Nikawaacha watazame.

Nyuma ya kipoyi, mmoja baada ya mwingine, walitoka akina mama wa kambi, walewale walionyamaza mtoni. Mke wangu alifunga kitenge chake kiunoni akawafuata. Wale wa kambini walisindikiza mpaka kijiji cha kwanza, na huko wanawake wa kijiji hicho wakapokea, wakapeleka hadi kijiji cha pili, na hivyo hivyo kijiji hadi kijiji, msitu ukaisha, milima ikaanza. Kapita alisimama njiani ameshika orodha yake na hakujua la kufanya nayo. Wanawake hawakuandikwa humo, hakukuwa na jina la kufuta. Mgonjwa alifika kwao hai. Aliketi mlangoni pake, akala maharagwe ya mavuno mapya, na alipokufa alikufa kwenye nyumba ambayo hakuna aliyengoja kuifagia.

Miaka ilipita. Mimi nilihamia mjini, nikapata kazi ya ghala, nikapewa nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji. Mama wa Nyabiondo alikuja kututembelea mara moja, na nilimtembeza chumba kwa chumba kama mfalme. Akagusa ukuta kwa kiganja. "Mwalimu, hii nyumba iko ya nani?" Nilianza kuhadithia habari za saruji. Mke wangu ndiye aliyemjibu: "Ya kazi, Mama." Akatikisa kichwa taratibu. Siku zote alizokaa kwetu hakufungua mzigo wake. Ulikaa kando ya mlango, umefungwa. Nilimtania sana kwa ajili ya mzigo ule. Nilimwambia hapa ni mjini, si kambini. Kabla hajaondoka, fundi mwashi wa mtaa wetu aliachishwa kazi, na tulipoamka vyombo vyake vilikuwa barabarani na watoto wameketi juu yake, naye ameshika karatasi inayomwamuru arudi kijijini alikozaliwa, asikomjua mtu. Sisi majirani tulichungulia madirishani. Mgeni wetu alitoka peke yake, akamwamkia mke wa fundi, akaanza kumsaidia kufunga: godoro chini, vyungu ndani ya nguo, jembe juu. Tangu siku ile utani wangu juu ya mzigo ulikwisha.

Nimetazama sana mitaa yetu tangu niletewe habari ya msiba. Mabati yanang'aa, redio zinaimba, watoto wanavaa viatu Jumapili. Kila nyumba imening'inia kwenye jina la mtu mmoja, na kila asubuhi jina hilo linaitwa mahali fulani, kiwandani, ghalani, jikoni kwa Mzungu. Tumejenga mji mkubwa juu ya "Niko". Mwashi akikohoa, seremala jirani yake anafunga dirisha, kwa kuwa ameogopa. Naogopa pia, tena sana. Fundisho ninaloliona katika maisha ya mama huyu ni dogo na linaumiza: usiulize tu mshahara ni kiasi gani, uliza nyumba ni ya nani, na uulize mapema, ungali na afya, siku utakayoshindwa kuitika atakubeba nani. Yeye alijua jibu lake. Kila mwaka alitutumia kapu la maharagwe, nadhani ili nasi tuwe na jibu.

Leo alfajiri mke wangu alifunga kitenge kiunoni kama siku ile. Mizigo yake na ya yule binti ilikuwa mlangoni. "Na weye?" akaniuliza. Nikamwambia nitaomba ruhusa, nitawafuata kwa meli ijayo. Alinitazama kwa huruma, maana tumeoana muda mrefu. "Uombe," akasema, wakashuka kuelekea bandarini. Mimi nikaenda ghalani nikiwa nimeyapanga maneno yangu yote vizuri. Bwana mkubwa alikuwa mlangoni. Wenzangu walikuwa wamekwisha kujipanga. Nikaingia mstarini, jina langu likaitwa, na kabla sijafikiri mdomo wangu ulikuwa umekwisha kusema, "Niko."