Mwizi Aliyeniamkia

Mjomba wangu wa Rudewa alinyimwa mke kwa kutoitikia shikamoo ya mdogo wa mchumba wake. Tangu hapo mimi salamu siiachi ikapita.

Sasa juzi, sisi walinzi wa ghala la mahindi Kimamba tulifundishwa kujihami. Bosi alisema atakayeshindwa hana kazi. Nikasimama getini na rungu, nimekunja uso. Kijana aliyepangwa kuwa mwizi akaja mbio, kaficha uso.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo. Lete nikupokee hilo rungu, utachoka."

Nikampa, nikamshukuru.

Bosi akaja. "Mzee, mwizi yuko wapi?"

"Nimemkaribisha ndani," nikajibu, ndipo nikasikia nilichosema.

Nikavua kofia ya kazi, nikaitundika getini, nikaondoka. Sijarudi.